USSD, SMS au programu ya simu janja: ulinganisho kwa anayechagua njia ya utafiti wa simu za mkononi

Mtafiti anayetaka kufanyia kazi simu za mkononi katika Afrika Mashariki, awe mwanafunzi wa uzamili au mtaalamu wa shirika, hukabiliwa mapema na uamuzi unaobeba utafiti mzima: je, atawafikia watu kwa menyu ya USSD inayofunguliwa kwa nyota na reli, kwa ujumbe mfupi wa SMS, kwa programu ya simu janja, au kwa tovuti inayofunguka kwenye kivinjari cha simu? Katika mapendekezo mengi ya utafiti uamuzi huu hupewa sentensi moja, na jibu lake huwa programu ya Android, kwa kuwa ndiyo inayoonekana kuwa kazi ya kisomi na ndiyo yenye picha nzuri za kuweka kwenye tasnifu. Makala haya yanazilinganisha njia hizo ili anayechagua achague kabla hajaandika hata mstari mmoja wa msimbo.

Hoja yangu ni kwamba kigezo cha kwanza ni mtu atakayeishika simu. Simu ikishikwa na mtu uliyemwajiri au uliyemfundisha, kama vile mdadisi, bwana shamba au mhudumu wa afya ya jamii, programu ya simu janja karibu kila mara ndiyo chaguo bora. Simu ikishikwa na mwananchi aliyeinunua mwenyewe na anayeitia vocha kwa fedha yake, basi SMS na USSD zina nguvu ambazo programu haizifikii. Mtafiti asipoitenga mapema hali moja na nyingine, hujikuta ameahidi kuchunguza tabia za wakulima, kisha anawachunguza wadadisi wake waliogawiwa simu mpya.

Katika kupima kila njia nitatumia vigezo vilivyotajwa mwaka 1996 na Mahadev Satyanarayanan wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliyeeleza kwamba kompyuta inayobebeka inatofautiana na ya mezani kwa mambo manne: uwezo wake ni haba, iko kwenye hatari kubwa zaidi ya kupotea au kuibiwa, mtandao wake haubaki katika hali moja, na nishati yake ina mwisho. Simu za leo zina nguvu nyingi kuliko kompyuta za mwaka ule, lakini mambo yote manne bado yapo. Kwa mazingira yetu naongeza la tano, nalo ni nani anayelipa.

USSD: mazungumzo ya papo kwa papo

USSD hupita katika njia ya ishara za mtandao wa simu, kwa hiyo haihitaji bando wala intaneti, na hufanya kazi kwenye kitochi cha Tanzania au kabambe ya Kenya sawasawa na kwenye simu janja ya bei ghali. Watu hawahitaji kufundishwa namna ya kuitumia. Mtanzania aliyezoea kupiga *150*00# kutuma fedha kwa M-Pesa tayari anajua kusoma orodha, kuandika namba ya chaguo lake na kubonyeza kitufe cha kutuma. Kwa mtafiti, mazoea hayo ni mtaji mkubwa, kwa sababu anapima huduma yake bila kuchanganya matokeo na ugeni wa chombo.

Mipaka yake ni mikali. Skrini moja haiwezi kuzidi herufi 182, na hesabu hiyo inajumuisha swali, chaguo zote na namba zake. Kiswahili, chenye maneno marefu yaliyobeba viambishi, huimaliza nafasi hiyo upesi. Swali lenye chaguo tano zilizoandikwa kwa adabu na ukamilifu hulazimika kukatwa au kugawanywa katika skrini mbili. Isitoshe, mtandao hushikilia kikao kwa muda maalumu tu, na mtumiaji akisita kujibu, kikao hukatika.

Anayesanidi huduma kupitia kampuni ya kati, yaani inayounganisha seva ya mtafiti na kampuni za simu, kama Africa's Talking iliyoanzia Nairobi, huona wazi jinsi mambo yanavyokwenda. Kila mtumiaji anapojibu, seva hupokea namba yake ya simu, kitambulisho cha kikao, na mfuatano wa majibu yote aliyokwisha kutoa yakiwa yametenganishwa kwa nyota, kwa mfano 1*3*2. Seva hurudisha maandishi yanayoanza na CON ikiwa kikao kinaendelea, au END ikiwa kimekwisha. Maana yake ni kwamba simu haikumbuki chochote na kumbukumbu yote iko kwenye seva. Kikao kikikatika kwenye swali la sita, mtumiaji akipiga upya ataanza swali la kwanza, isipokuwa mtafiti awe amehifadhi majibu kwa kufuata namba ya simu, kwa kuwa kitambulisho cha kikao hubadilika kila simu inapopigwa. Mtafiti asiyelifikiria jambo hilo hupata majibu mengi ya maswali ya mwanzo na machache ya mwisho, kisha huandika kwamba wahojiwa hawakuvutiwa na sehemu ya mwisho ya dodoso, ilhali kilichowaondoa ni kukatika kwa kikao.

Kwa upande wa usiri, USSD haiachi ujumbe kwenye simu baada ya kikao kufungwa, na hilo ni faida pale simu inapotumiwa na watu kadhaa katika familia. Hata hivyo namba ya siri kwa kawaida huonekana wazi inapoandikwa, na kampuni ya simu pamoja na kampuni ya kati huweza kuyaona majibu yote. M-Pesa ilipoanza Kenya mwezi Machi 2007, Safaricom iliiweka menyu yake ndani ya laini yenyewe kwa teknolojia ya SIM Toolkit, ambayo inaruhusu kufunga data kwa ufunguo uliomo kwenye laini. Njia hiyo ni imara zaidi, lakini mwenye kuiweka ni kampuni ya simu peke yake, kwa hiyo mtafiti wa kawaida aiondoe kwenye hesabu zake.

Kwa muhtasari wa matumizi, USSD inafaa kwa dodoso fupi, kuangalia taarifa kama bei au ratiba, na kwa majaribio ya jinsi watu wanavyosoma menyu na kuchagua. Haifai kwa kufuatilia mtu mmoja kwa miezi mingi, kwa sababu kwa kawaida yeye ndiye anayelazimika kuanza kila mara.

SMS: subira yenye thamani

Hapa ndipo ninapoona watafiti wengi wakipita upesi mno. SMS inaonekana ya kizamani, lakini ina sifa moja ambayo nyingine hazina: ujumbe husubiri. Simu ikiwa imezimwa au iko nje ya mtandao, kituo cha ujumbe huutunza na kuufikisha simu inapowashwa ndani ya muda uliowekwa, naye mpokeaji huusoma na kuujibu kwa nafasi yake. Kati ya vigezo vinne vya Satyanarayanan, SMS hukabiliana vyema na viwili, yaani mtandao usiotabirika na betri inayokwisha, bila mtafiti kufanya kazi yoyote ya ziada.

Ushahidi wake ni wa nyumbani. Katika mradi wa SMS for Life nchini Tanzania, vituo 129 vya kutolea huduma za afya katika wilaya za Lindi Vijijini, Ulanga na Kigoma Vijijini viliombwa kila wiki kutuma kwa SMS idadi ya dawa zilizobaki, yaani aina nne za pakiti za dawa mseto ya malaria pamoja na kwinini ya sindano. Kwa wiki 21, sehemu ya vituo vilivyoishiwa angalau aina moja ya dawa hizo ilishuka kutoka asilimia 78 hadi asilimia 26. Wahudumu walitumia simu zao wenyewe. Hakuna aliyegawiwa kifaa, hakuna aliyefundishwa programu mpya, na taarifa iliyokuwa ikitakiwa ilikuwa tarakimu chache tu. Ufinyu wa herufi 160 za ujumbe mmoja haukuwa kikwazo, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa limepunguzwa mpaka kiini chake.

Mfano wa pili ni wa Kenya. Utafiti wa WelTel, uliochapishwa mwaka 2010, uliwahusisha watu 538 walioanza dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Nusu yao hivi walitumiwa kila wiki ujumbe wa neno moja, "Mambo?", nao walitakiwa kujibu ndani ya saa 48 kwa "Sawa" au "Shida". Aliyejibu "Shida", au asiyejibu kabisa, alipigiwa simu na muuguzi. Waliojieleza kuwa wanatumia dawa ipasavyo walikuwa asilimia 62 katika kundi hilo, dhidi ya asilimia 50 katika kundi la kulinganisha, na waliofanikiwa kufubaza virusi walikuwa asilimia 57 dhidi ya 48. Msomaji aangalie jinsi usiri ulivyolindwa. Ujumbe hubaki kwenye simu na mtu mwingine anaweza kuusoma, lakini salamu ya aina hiyo haimfichui mtu yeyote. Watafiti wale walikiri udhaifu wa chombo wakauzunguka kwa lugha, na kwa maoni yangu huo ni usanifu wa hali ya juu kuliko programu nyingi zenye nywila na alama za vidole.

Kuna jambo la kiufundi ambalo mwandishi wa Kiswahili hana budi kulijua. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160 ukiandikwa kwa herufi za msingi za GSM, yaani seti ya herufi ya mitandao ya simu, ambazo zinakitosheleza Kiswahili. Ikiingia alama moja tu isiyokuwamo katika seti hiyo, ujumbe mzima hubadilishiwa mfumo na nafasi hushuka hadi herufi 70. Mkosaji wa kawaida ni ile koma ya juu iliyopinda, inayowekwa na programu za kuchapia katika maneno kama ng’ombe na ng’ambo. Ujumbe wa herufi 150 kuhusu chanjo ya ng’ombe, ukinakiliwa kutoka kwenye waraka wa ofisini, unaweza kutozwa kama jumbe tatu badala ya mmoja, kwa sababu vipande vinavyounganishwa katika mfumo huo hubeba herufi 67 kila kimoja. Koma iliyonyooka haina tatizo hilo. Kwa utafiti unaotuma ujumbe kwa maelfu ya wafugaji, koma hiyo ni fungu zima la bajeti.

SMS pia ina mada ya utafiti ambayo bado iko wazi, nayo ni kuyaelewa majibu huru. U-Report, huduma ya kuwauliza vijana maoni yao kwa SMS iliyoanzishwa Uganda mwaka 2011 na UNICEF, ilipokea jumbe nyingi kiasi kwamba watafiti wa IBM walitengeneza mfumo wa kuzipanga kwa mada ili zinazohitaji hatua zionekane. Kwa Kiswahili kazi bado ni kubwa. Hazina za maandishi zinazotumika kufundishia kompyuta, kama MasakhaNER ya mwaka 2021, zimetokana na taarifa za vyombo vya habari zenye tahajia safi, ilhali mtu anayeandika SMS huandika "cjui" kwa sijui na "xaxa" kwa sasa, akachanganya Kiingereza, Sheng au lugha yake ya nyumbani katika sentensi moja. Mwanafunzi wa sayansi ya kompyuta anayetafuta mada yenye manufaa ya moja kwa moja, na isiyohitaji maabara ya gharama, atafute hapa kabla ya kwingine.

Programu ya simu janja: nguvu nyingi, masharti mengi

Programu ndiyo njia inayoitumia kwa ukamilifu zaidi simu kama kompyuta yenye kamera, GPS, kipaza sauti, hifadhi na uwezo wa kukokotoa bila kuitegemea seva. Kama swali lako linahitaji picha ya jani, ramani ya shamba au sauti ya kikohozi, ulinganisho umekwisha, chukua programu.

Kwa ukusanyaji wa data, sishauri mtu aandike programu yake mwenyewe kuanzia mwanzo. ODK, iliyoanza mwaka 2008 chini ya Gaetano Borriello na wanafunzi wake wa Chuo Kikuu cha Washington, na KoboToolbox iliyojengwa juu ya msingi huohuo, zinamruhusu mtafiti kuandika dodoso kwenye jedwali la kawaida, kuweka masharti ya kuruka maswali, kuchukua picha na vipimo vya mahali, na kuhifadhi fomu zote ndani ya simu mpaka mtandao upatikane. Miezi ambayo ingetumika kuunda kitu kilekile kwa ubora mdogo itumike kwenye sampuli na kwenye maswali.

Anayetaka kuifanya programu yenyewe iwe mada ya utafiti ana uwanja mpana. Mfano mzuri ni Nuru, programu ya PlantVillage ya Chuo Kikuu cha Penn State iliyotengenezwa kwa ushirikiano na IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, ambayo hutambua magonjwa ya muhogo kama batobato na michirizi ya kahawia kwa kamera ya simu, na hufanya hivyo bila intaneti kwa kuwa muundo wa utambuzi umo ndani ya simu. Kinachonivutia zaidi ni matokeo ambayo watafiti wake waliyachapisha mwaka 2019 baada ya kuupima muundo huo kwenye majani 720 katika shamba nchini Tanzania: hata kwa majani yenye dalili zilizo wazi, kipimo cha ubora kiitwacho F1 kilishuka kwa asilimia 32 ukilinganisha na majaribio ya awali, hasa kwa sababu majani mengi yenye ugonjwa yalipitwa bila kutambuliwa. Jua la shambani, kivuli, mkono unaotikisika na jani lililopigwa pembe isiyotarajiwa ni mambo ambayo hazina ya picha zilizotumika kuufundisha muundo huo haikuyabeba ipasavyo. Mwanafunzi anayeripoti usahihi wa asilimia 95 kutokana na picha zilizogawanywa kutoka hazina moja bado hajajibu swali la kompyuta ya mkononi. Amejibu swali la utambuzi wa picha.

Masharti mengine ya programu yako kwenye mfumo wa uendeshaji. Tangu Android 6.0 ya mwaka 2015, simu iliyolala huahirisha kazi za programu zinazoendeshwa chini kwa chini ili kulinda betri, na watengenezaji kadhaa wa simu za bei nafuu wameongeza ukali wao juu ya huo. Utafiti unaotegemea kurekodi mahali alipo mtu kila baada ya dakika kumi utapata mapengo, na mapengo hayo hayatokei kwa nasibu. Huwapata zaidi wenye simu za bei ya chini, yaani walewale ambao utafiti mara nyingi unawalenga. Pia tangu 2019 duka la Google limebana sana programu zinazoomba ruhusa ya kusoma SMS na orodha ya simu zilizopigwa, kwa hiyo tafiti za zamani zilizosoma jumbe za miamala kwenye simu za washiriki haziwezi kurudiwa kirahisi kupitia duka hilo.

Zaidi ya hayo yuko anayelipa. Kupakua programu ya megabaiti 60 ni gharama halisi kwa mtu anayenunua bando la siku, na programu ambayo haitumiki kila siku ndiyo ya kwanza kufutwa hifadhi inapojaa. Nikisoma pendekezo linalodhani kwamba mkulima ataitunza programu ya utafiti kwenye simu yake kwa msimu mzima bila sababu nzito ya kuifungua, huwa naomba sababu hiyo iandikwe kwanza.

Tovuti ya simu

Tovuti inayoweza kuhifadhi kurasa zake ndani ya kivinjari na kufanya kazi hata mtandao unapokatika hukaa katikati. Haipitii dukani, hurekebishwa siku hiyohiyo, na kiungo chake hutumwa kwa WhatsApp. Inafaa kwa washiriki wenye simu janja na bando, kama wanafunzi wa vyuo au wafanyakazi wa mijini. Udhaifu wake ni kwamba kivinjari kinaweza kufuta data iliyohifadhiwa nafasi ikipungua, kwa hiyo isibebeshwe data ambayo ikipotea haiwezi kukusanywa tena.

Kuchagua kwa hali halisi

Tuchukue utafiti wa kaya katika vijiji visivyo na mtandao wa uhakika, wenye wadadisi kumi na dodoso la maswali mia moja. Hapo ni ODK au KoboToolbox, bila mjadala. Tuchukue kufuatilia wajawazito mpaka wajifungue: SMS ndiyo inayofaa, kama kampeni ya Wazazi Nipendeni ya Tanzania ilivyofanya tangu 2012 kwa kumwezesha mzazi kujiunga bure kupitia namba 15001. Tuchukue kupima kama wafanyabiashara wadogo wanaelewa masharti ya mikopo ya kwenye simu. Hapo USSD ni bora, kwa sababu ndiyo skrini wanayoisomea masharti hayo, na kuwapima kwenye programu maridadi kungepotosha jibu.

Mara nyingi mchanganyiko ndio unaoleta data bora. Mhudumu wa afya anaweza kumsajili mama kwa programu, akachukua ridhaa na taarifa za msingi, kisha mfumo ukaendelea na mama kwa SMS kwenye simu yake mwenyewe. Kazi ngumu iko kwa aliyefundishwa na kazi nyepesi iko kwa mshiriki. Ugumu wa kiufundi unaobaki ni kuoanisha rekodi, kwa kuwa namba ya simu si mtu: mmoja huwa na laini mbili au tatu, na laini moja huweza kutumiwa na mume, mke na watoto. Kila mshiriki apewe kitambulisho cha utafiti tangu siku ya usajili, na mwanzoni mwa kila mawasiliano nyeti pawe na swali dogo la kuthibitisha kwamba anayejibu ni yeye.

Kwa upande wa wakati, USSD na SMS zenye namba fupi zinahitaji namba hiyo ipatikane kwa kufuata taratibu za mdhibiti wa mawasiliano, ambaye Tanzania ni TCRA, na iunganishwe na kila kampuni ya simu kivyake. Shughuli hiyo huweza kula muda mrefu kuliko kuandika msimbo wenyewe. Kibali cha utafiti, kutoka COSTECH kwa Tanzania au NACOSTI kwa Kenya, kinahitajika kwa njia zote. Sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya na ya Uganda za mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, zinaihesabu namba ya simu kuwa taarifa binafsi pale inapomtambulisha mtu, kwa hiyo hata utafiti wa SMS wenye swali moja unazigusa. Mwenye miezi sita tu ya kukamilisha tasnifu aombe namba fupi iliyokwisha kuunganishwa na inayotumiwa kwa pamoja kupitia kampuni ya kati, na aombe kibali katika wiki ileile. Wakati anasubiri majibu, ajaribu maswali yake kwa karatasi na watu halisi, akihesabu herufi za kila swali kabla hajaliingiza kwenye mfumo.